Bushi ya Kushoto

Usiku wa kuamkia leo niliota kuwa ni saa sita mchana, nimelala chali uani kwangu chini ya gari, na kijikaratasi kilichotoka kwenye boksi la bushi mpya kinanisomea makosa yangu.

Sehemu moja ya ndoto hii si ndoto. Jana kweli nilishinda chini ya gari hapa nyumbani Lushoto, nikibadilisha bushi za mbele. Bushi ni mpira mnene wenye bomba la chuma katikati. Hukaa pale mkono wa gurudumu unaposhikana na mwili wa gari, ili chuma kisigonge chuma. Zetu zilikuwa zimechanika. Kwenye kila shimo gari lilisema kodo, kodo, na usukani ulivuta kushoto. Leo asubuhi mke wangu, Mama Hozza, alikuwa ampeleke mama yake, aliyelala kwetu, Tanga mjini akatolewe mtoto wa jicho. Kuteremka mlima huu na gari linalovuta kwenda bondeni si jambo la mzaha.

Basi nilizitoa za zamani, nikagonga mpya mpaka zikaingia, nikakaza bolti magurudumu yakiwa yananing'inia hewani. Nikashusha jeki, nikaoga, nikalala.

"Kifungu cha nne," kinasema kijikaratasi. Kina sauti ya karani wa mahakama. "Bolti zisikazwe mpaka gari libebe uzito wake wote. Wewe ulikaza lini?"

"Likiwa juu ya jeki."

"Kwa hiyo mpira umekazwa ukiwa umejipinda."

"Sikukiona kifungu cha nne. Kilikuwa nyuma ya karatasi."

"Mimi ndiye nyuma ya karatasi," kinasema, kisha kinajigeuza, na upande wa mbele unaniomba radhi kwa ukali wa mwenzake.

Bushi kuukuu mbili zimekaa juu ya tofali, zinakohoa kutu. Moja inainua mdomo wake uliochanika. "Sisi tumetumika miaka kumi na tisa," inasema. "Aliyekaza vibaya akae yeye."

Hakuna anayepinga. Jeki inasema, "Naomba kushuka," inashuka, na mimi nimo ndani ya tundu la mkono wa gurudumu, upande wa kushoto. Bolti imenipita katikati ya kifua. Haiumi. Kinachoniuma ni shingo, maana uso wangu umegeukia nyuma na unatazama mgongo wangu mwenyewe.

"Bushi hubadilishwa kwa jozi," kinasema kijikaratasi. "Kulia yuko nani?"

"Nipo," inajibu sauti kutoka upande wa pili wa gari.

Ni Bi Mashavu, mama mkwe wangu. Ana miaka sabini na minane, na miaka miwili sasa haoni ila mwanga. Amebanwa kwenye tundu la kulia na mkoba wake kwapani.

"Shikamoo, mama," nasema. Ndicho kitu pekee kilichonijia.

"Marahaba, mkwe wangu. Umeamkaje?"

"Salama, isipokuwa nimekazwa nikiwa nimejipinda."

"Hata mimi," anasema. "Ila tusitazamane."

Tukakubaliana. Mlango wa gari unafunguliwa juu yetu, unafungwa. Injini inawaka. Mke wangu anatia gia, na geti la nyumbani linafunguka moja kwa moja kwenye barabara ya kuteremka kwenda Mombo, ingawa siku zote kati ya geti na barabara hiyo kuna msikiti, shule na soko.

Kona ya kwanza napita nimeuma meno. Gari lote linaniegemea, halafu linaniachia, halafu linaniegemea tena. Kona ya pili nasikia kitu kinachanika begani, taratibu, kama kanga iliyozeeka.

"Sasa inakuja ile ya jiwe," anasema Bi Mashavu. Haoni, lakini barabara hii anaijua kwa mbavu. "Jishike."

"Nimejishika, mama."

"Baada yake kuna ile isiyo na ukingo."

Naita, "Mama Hozza! Simama!" Kinachotoka mdomoni mwangu ni kodo, kodo.

Juu yetu mke wangu anasema peke yake, "Huyu mwanamume si alisema ametengeneza?" Anaongeza sauti ya redio. Redio inasoma taarifa: bonde limefunguliwa tangu asubuhi na linapokea magari yote.

Tunapita jiwe. Bega la kushoto linaachia. Nimebakiwa na uzi mmoja wa mpira, mwembamba kama kamba ya kiatu, na kwenye uzi huo wamening'inia mke wangu, mama yake, na gari zima. Usukani unaanza kuvuta. Nazihisi jitihada za mke wangu kupitia chuma: anavuta kulia, anavuta tena, na pumzi yake imebadilika.

"Mwite," anasema Bi Mashavu.

"Nimemwita, mama. Hasikii."

"Umemwita jina la watu wote. Mwite lile lingine."

Lile lingine lipo. Mke wangu ana doa dogo jeusi shavuni, na tangu tulipochumbiana, miaka ishirini na mbili iliyopita, nina jina ninalomwita kwa ajili ya doa hilo. Sijawahi kulitamka akiwepo mtu wa tatu, sembuse mama yake mzazi.

"Mama, naona haya."

"Kona ile naisikia upepo wake," anasema Bi Mashavu. "Ona haya haraka."

Uzi unaanza kukatika. Najaza kifua pumzi, bolti na yote.

"Kidoti! Kidoti! Kidoti!"

Redio inazimwa. Breki zinalia. Gari linateleza, linageuka kidogo, linasimama. Vijiwe vinadondoka kutoka chini ya gurudumu langu. Tunasikiliza vifike chini. Havifiki.

"Nani ananiita hivyo chini ya gari?" anauliza mke wangu.

"Mimi."

"Na mama yupo hapo?"

"Nipo, mwanangu," anasema Bi Mashavu, "ila sikusikia kitu."

Mke wangu anateremka na spana. Anapiga magoti barabarani, ananilegeza. Shingo yangu inazunguka polepole mpaka uso unarudi mbele, na kwa mara ya kwanza namwona. Jasho linamtiririka.

"Uzito wote uko chini?" anauliza.

"Bado," kinasema kijikaratasi kutoka mfukoni mwake. "Huyu wa kushoto kuna kitu amekibeba."

Wananisubiri. Nikasema, "Fundi wetu wa gari, Kaniki, hakusafiri kama nilivyokuambia. Alikuwepo wiki nzima, tena aliniambia nimpelekee gari. Nilikudanganya. Nilitaka uone kuwa naweza."

"Najua," anasema mke wangu. "Nilimkuta sokoni Jumanne."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri ushushe mwenyewe."

Gari linashuka kidogo, kama mtu anayekaa vizuri kitini. Anaweka spana, anavuta, naye hana haraka. Klik. Anazunguka upande wa pili, anamwomba mama yake radhi, anavuta. Klik.

"Iwekwe alama," kinasema kijikaratasi, "ili anayekuja ajue kuwa imekazwa."

Mke wangu anajipapasa. Hana chaki wala rangi.

"Chukua mkobani mwangu," anasema Bi Mashavu. "Kuna rangi ya kucha."

"Mama, wewe unapaka rangi ya kucha? Tangu lini?"

"Tangu nilipoacha kuona kama inanipendeza."

Mke wangu anachora mstari mwembamba mwekundu, kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma cha gari. Ni baridi. Nikashtuka, nikaamka.

Kumepambazuka. Mke wangu alikuwa jikoni, namsikia anamimina chai kwenye chupa ya safari. Sikumwambia kitu. Nilichukua spana nikatoka uani nilegeze bolti na kuzikaza upya, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Nikajiingiza chini, upande wa kushoto.

Kwenye kichwa cha bolti palikuwa na mstari mwembamba mwekundu.

Kisha nikanyoosha kidole.

Nyuma yangu nilisikia ndala zikija taratibu, mkono ukipapasa ubavu wa gari. Zilisimama karibu na miguu yangu.

"Usiguse, mkwe wangu," alisema Bi Mashavu kwa sauti ya chini. "Haijakauka."