Mpole na Mkali

Gari lilipinduka kwa mara ya tisa asubuhi ile, kwenye kona ileile, nami nikaupiga ngumi usukani wa plastiki hata Mama Léontine, katibu wa shule, akainua macho kutoka kwenye rundo la matokeo ya wanafunzi. Kwenye kioo cha kompyuta gari langu dogo la kijivu lilikuwa limelala chali, magurudumu yakizunguka polepole. Maandishi ya Kifaransa yakaniuliza kwa adabu kama ningependa kuanza upya. Miaka ishirini na miwili nimeendesha malori kwenda Nyunzu na Moba, kwenye barabara ambazo hata mbuzi hufikiri mara mbili kabla ya kuzipita, na sasa sanduku lilikuwa linaniuliza mimi kama ningependa kuanza upya.

"Papa Augustin," alisema Mama Léontine, "ile meza iko ya serikali. Usiivunje."

"Haiko meza. Iko hii machini ya uongo."

"Jana ulisema njo ile ingine ya uongo."

Ni kweli nilikuwa nimesema hivyo.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Shule ya ufundi ilitaka kufungua darasa la udereva, na gari lake pekee lilikuwa limekaa juu ya mawe uani, bila gurudumu hata moja, tangu askari walipopita na kupora. Mzungu mmoja wa shirika la misaada, alipohama, alikuwa ameiachia shule kompyuta, usukani wa plastiki wenye pedali mbili, kijiti cha kubadilishia gia, na michezo miwili ya mbio za magari. Frère Valère, bruda na mkuu wa shule, mtu wa kutunza hata kipande cha chaki, aliona kwamba wanafunzi wangeweza kuanzia hapo mpaka magurudumu yapatikane. Lakini ndani ya kompyuta, kando ya barua na matokeo ya mitihani, ilibaki nafasi ya mchezo mmoja tu.

"Wewe njo shofere," aliniambia. "Ijaribu yote mbili. Utuandikie raporo, utuambie gani inafanana na kweli. Ile ingine tutaifuta. Na mwezi wa tisa, kama Mungu anapenda, darasa litakuwa lako."

Darasa langu. Kwa mtu aliyekaa miaka mitatu bila kushika usukani, akiuza mafuta ya mawese kwa chupa barazani pa mke wake, neno hilo lilikuwa tamu kuliko asali. Usiku sikulala vizuri kwa furaha, na mchana sikupumzika kwa hasira, kwa sababu kazi yenyewe ilinishinda.

Wa kwanza nilimwita Mpole. Alikuwa mzuri wa kutazama: miti ya kijani, anga la buluu, watu wakipunga mikono kando ya barabara. Niliingia naye kona kwa mwendo ambao ungelirusha lori la kweli mpaka ziwani, na gari likageuka kama mwali anayecheza. Ukigonga ukuta, ukuta unakurudisha barabarani bila kinyongo. Mafuta hayaishi, breki hazichoki, tairi hazijui jua wala jiwe. Siku ya kwanza nilimcheka. Nani hufundisha watu kwa kuwadanganya?

Wa pili nilimwita Mkali. Sura yake ilikuwa mbaya, rangi ya majivu, barabara tupu zenye mistari. Lakini ukikanyaga breki unaona pua ya gari inainama, unajua uzito umehamia mbele. Ukiingia kona kwa pupa, mkia unakutangulia. Palikuwa na mshale wa mafuta na mshale wa joto la breki. Dakika kumi za kwanza nilikaribia kuusalimia usukani ule. Nikasema moyoni, huyu aliyetunga alishawahi kutokwa jasho.

Kisha nikafika kwenye mteremko. Mkali alikuwa na njia moja ya mlimani, ndefu, inayoshuka kwa kona saba. Kona ya nne sikuivuka. Kila mara mshale wa joto ulipanda, breki zikalegea, pedali ikawa kama nakanyaga ndizi mbivu, na gari likaniponyoka. Ndipo nilipoanza kumtukana. Nilisema hajui breki. Nilisema mzungu aliyemtunga hajawahi kuona mlima, amezaliwa mahali palipo bapa kama meza. Nikaanza hata kumtetea Mpole: angalau huyu anamheshimu dereva.

Hasira yangu ilikuwa na mizizi, na mji mzima uliijua. Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa dereva wa Mama Kapinga, mfanyabiashara wa maharage na samaki. Siku moja nikishuka na lori lake kutoka Kirungu kwenda bandari ya Moba, magunia sitini mgongoni, breki zilikufa. Tulipinduka. Mimi nilitoka na mikwaruzo. Camille, mwenzangu wa safari aliyekuwa akitunza mzigo na kukaa kando yangu miaka kumi na mmoja, alitoka bila mguu wa kulia. Nilirudi mjini kwetu Kalemie nikamwambia kila mwenye sikio kwamba Mama Kapinga alikataa kununua breki mpya, na ubahili wake ndio uliokula mguu wa Camille. Watu waliamini. Wateja wakamkimbia, akauza lori kama chuma chakavu. Camille hakunipinga hata siku moja. Kwa kauli hiyo Frère Valère aliwaambia mapadri wanaosimamia shule kwamba mimi ni dereva asiye na kosa, na kwa kauli hiyo mwezi wa tisa ulikuwa unaningoja. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi sikujihesabu katika kundi hilo.

Gari lilipopinduka kwa mara ya kumi, Mama Léontine alisimama, akavuta kiti, akanisukuma kwa bega.

"Nipishe. Niko na bulletini mia mbili ya wanafunzi ya kuandika. Nitamaliza hii mulima yako, kisha uniachie kompyuta."

Mama Léontine hajawahi kuendesha hata baiskeli. Alishika usukani kama anayeshika sinia ya chai, akakanyaga hiki, akaachia kile, na gari likapanda mpaka kileleni, likaanza kushuka, injini ikinguruma kwa manung'uniko. Kona ya kwanza. Ya pili. Huku anatafuna karanga. Alivuka ya nne bila kujua kwamba ni ya nne, akaenda polepole mpaka chini, akasimama mbele ya mstari mweupe.

"Imeisha," alisema.

Nilikiinamia kioo. "Umefanya namna gani?"

"Sikufanya kitu. Vitesi nimeiacha ya pili, vile niliikuta. Mimi sijui kuitoa." Akakionyesha kijiti cha gia, akanitazama. "Lakini wewe, Papa Augustin, kila mara ukifika kule juu unagusa kale kajiti."

"Siguse kitu."

"Unagusa."

"Mama Léontine, mimi nilishika usukani wakati wewe ulikuwa unabebwa mugongoni."

Hakubishana. Aliniachia kiti, akasimama kando, akaweka kiganja chake juu ya kijiti cha gia na kukiacha hapo. Nikaanza upya. Nilipanda, nikafika kileleni, barabara ikaanza kuinama mbele yangu, na mkono wangu wa kulia ukaondoka wenyewe, bila kuniomba ruhusa, ukagonga vidole vya Mama Léontine.

Nilibaki nimeushika mkono wake kama mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi. Gari likashuka peke yake, likapotea bondeni.

Madereva wa kwetu walikuwa na desturi, na sisi wenyewe tukiiita *rulibre*: ukifika kileleni unatoa gia, unaliacha gari lijishukie lenyewe, injini isinywe. Tajiri alikupimia mazutu, yaani dizeli, ya kwenda na kurudi. Yaliyobaki ndani ya tangi yalikuwa yako, na kwa kuwa mshahara ulikuja ukitaka, hayo mazutu ndiyo yaliyolisha watoto. Dereva asiyeachia gia mteremkoni alionekana mshamba. Wote tulijua kwamba bila gia injini haikushikilii, kazi yote inabaki kwa breki, na breki zikichemka zinakufa. Tulijua kama tunavyojua kwamba tutakufa, yaani bila kulifikiri.

Breki za Mama Kapinga zilikufa kweli. Mimi ndiye niliyeziua. Miaka mitatu niliapa, mbele ya watu na mbele ya altare, kwamba nilishuka na gia ya pili, na nilikuwa naamini. Nilijichukia sana pale kwenye kiti. Nilimchukia na Mkali vilevile.

Alasiri nilikwenda kwa Camille. Alikuwa barazani kwake, redio ya kutengeneza imefunguliwa mapajani, magongo yameegemezwa ukutani.

"Camille," nilisema, "siku ile ya Kirungu, nilikuwa nimetoa vitesi."

Alipuliza vumbi ndani ya redio. "Ninajua."

"Unajua?"

"Nilikuwa pembeni yako. Injini ilinyamaza. Muntu mwenye kukaa kando ya injini miaka kumi na moja anajua saa gani inanyamaza. Nikakuambia, Augustin, rudisha vitesi. Ukaniambia mazutu haiokotwe njiani."

Jibu hilo sikulikumbuka. Alipolitamka, nikalisikia kwa sauti yangu mwenyewe, na kicheko changu nyuma yake.

"Mbona haukusema?"

"Niseme kwa nani? Mguu ulikuwa umekwisha kwenda. Wewe uko na watoto sita. Nikasema nitamwacha, atasema yeye mwenyewe siku atapata nguvu. Nikangoja mwaka ya kwanza. Nikangoja ya pili." Alikaza parafujo moja, akailegeza tena. "Mama Kapinga anakujaga hapa kila mwezi. Ananiletea unga na samaki, anakaa kwa kiti kile, analia juu ya freni zake zenye zilikufa. Ananiomba musamaha. Na mimi ninamutazama tu. Ile njo imenichosha, kupita mguu."

"Basi nimekuja kusema."

"Nani amekutuma?"

Nilimweleza habari ya mteremko, ya kijiti, ya mkono wa Mama Léontine. Nilieleza kirefu, kama mtu anayetarajia kusifiwa. Camille alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni machini," alisema. "Mimi nimekaa mbele yako miaka tatu na mguu moja, haukuona. Machini inakuonyesha siku mbili, unaona." Akaiinamia redio. "Kwenda, Papa Augustin. Kwenda uandike raporo yako."

Kabla ya hapo hakuwa ameniita Papa. Sisi kwa sisi tulikuwa Camille na Augustin. Niliondoka nikitembea upande wa barabara wenye jua, bila kutafuta kivuli.

Kesho yake nilimkuta Mama Léontine ameshaweka karatasi tupu kwenye kioo cha kompyuta. Nikaanza kumtajia kutoka kichwani, naye akachapa. Mkali abaki, Mpole afutwe. Mpole ana sura nzuri lakini hamwambii mtu kitu. Mwanafunzi atakayelelewa naye atakuja kuua watu, tena atashangaa. Mkali anajua uzito, anajua joto, anajua kwamba mlima unadai.

"Sababu?" aliuliza Mama Léontine. "Frère atataka sababu. Atasema unajua namna gani ile njo ya kweli."

Nikamtajia sababu. Tarehe, mahali, magunia, gia niliyoitoa, maneno ya Camille na jibu langu. Vidole vyake vilisimama kidogo, vikaendelea. Nilitaja kwamba Mama Kapinga hakuwa na hatia. Tulikuwa tumefika hapo wakati umeme ulipokatika, kama ilivyo desturi ya mji wetu, na kioo kikawa cheusi.

Alitazama mahali maneno yalipokuwa.

"Sikuwa nimeiweka kwa disketi," alisema. "Imepotea yote." Kisha, kwa sauti ya chini, bila kunitazama: "Umeme ikirudi, tunaweza kuandika tu ile ya michezo. Ile inatosha kwa Frère. Ile ingine, mimi sikuisikia."

Alisema kwa wema, na nilijua angelinda neno lake mpaka kaburini. Uani wanafunzi walikuwa wakilifuta vumbi gari lililokaa juu ya mawe, wakibishana nani atakuwa wa kwanza kuliendesha. Mmoja aliniona dirishani akanipungia, akaniita mwalimu. Ilibaki miezi miwili tu.

"Niko na bulletini ya kuandika kwa mukono," alisema Mama Léontine akifungua saraka. "Unataka karatasi, ao hapana?"

Nilinyoosha mkono. Alinipa karatasi mbili na kalamu ya wino, akageukia kazi yake. Mwandiko wangu ni mbaya, mwandiko wa mtu aliyezoea kutia sahihi za mizigo tu. Juu kabisa, mahali pa kumtaja anayeandikiwa, ambapo kwenye kompyuta palikuwa na jina la Frère Valère, niliandika la Mama Kapinga.