Mama Mbula Ndani ya Mafuta

Saa nne asubuhi Masila alimimina debe la tatu la mafuta kwenye tangi la kioo ambalo zamani lilikuwa la samaki, akayatazama yakipanda mpaka yakafunika nyaya zote za kompyuta aliyoilaza humo. Yalikuwa yale mafuta ya maji yasiyo na harufu ambayo ng'ombe hunyweshwa tumbo likivimba. Aliuziwa na Warfa, mchuuzi wa mifugo, ambaye hakuuliza ng'ombe yuko wapi.

Masila aliishia darasa la sita. Lakini kibanda chake cha kuchapa barua pale Kathiani kilikuwa kimeshaua kompyuta tatu kwa vumbi na joto, na hilo halihitaji cheti kulielewa. Ndani ya mafuta vumbi halifiki, na joto linatulia lenyewe. Kilichobaki nje ni kile kisanduku kidogo cha kumbukumbu, kwa sababu kina tundu la kupumulia, na kinachopumua hakizamishwi.

Alipowasha, mkewe Kasyoka alitokea humo ndani, chini kabisa ya mafuta, mrefu kama gunzi la hindi, na ile sweta ya kijani aliyozikwa nayo.

"Baba Mbula," alisema, "huu waya umeufunga kama kamba ya mbuzi."

"Mbuzi wangu hajawahi kutoroka," Masila akajibu, akaufunga upya.

Kasyoka alikufa mwaka juzi katika hospitali ndogo iliyo ng'ambo ya barabara. Stima ilipotea, mashine ya hewa ikanyamaza, na dizeli ya jenereta ilikuwa imempeleka mkubwa fulani harusini Matuu. Barua iliyoletwa baadaye ilisema jenereta ilikuwa sawa. Ndivyo walivyo wakubwa. Mtu wako anakufa mbele ya macho yako, nao wanakuandikia kwamba uliona vibaya.

Sasa humo ndani ya mafuta hakuhitaji hewa. Alinenepa kidogo. Mchana alisahihisha makosa ya mumewe, jioni alimsimulia nani kapita na nani kanyoa. Wateja walimsalimia, kisha wakapanga foleni. Masila alianza kuchemsha chai tena.

Alhamisi moja mchana aliingia Bwana Aloys, msimamizi wa hospitali, na karatasi ya kuchapwa.

"Bwana Aloys," Kasyoka akasema, "na ile dizeli yangu?"

Aloys aliinama kwenye kioo. "Pole, mama. Malalamiko yanaletwa na mgonjwa mwenyewe, akiwa na kitambulisho."

"Kitambulisho chake nilikirudisha kwa chifu ndio nipewe kibali cha kumzika," Masila alisema.

"Aai, mzee. Basi hapo mmejifunga wenyewe."

Masila alikuwa bado anatafuta tusi la kumtosha wakati stima ilipopotea soko zima. Tangi lake halikutikisika. Baada ya mazishi alikuwa ameuza fahali, akanunua paneli ya jua na betri.

Nesi Winfred aliingia akikimbia. "Mzee Masila, tuna mtoto kwenye mashine ya hewa! Jenereta haina dizeli!"

Betri ile ilibeba kitu kimoja tu. Masila aliweka mkono juu ya tangi.

"Huyu nilishawapa mara moja," alisema.

"Baba Mbula, nizime."

"Na usiporudi?"

"Utabaki na dawa ya ng'ombe."

Masila akachomoa. Winfred aliuvuta waya mrefu kutoka kwenye betri mpaka ng'ambo, naye Warfa akawazuia mbuzi wake katikati ya barabara wasiukanyage. Aloys alikaa kwenye benchi akitazama saa yake.

Stima ilirudi saa kumi. Masila alibonyeza kitufe huku amefumba macho. Alipoyafumbua, aliona viputo tu. Akangoja. Kisha akamwona Kasyoka akijipangusa mafuta usoni.

"Mtoto?"

"Anapumua."

"Haya, tuchapie watu kazi yao."

Karatasi ya Aloys ilikuwa na sentensi moja: wananchi wote wanajulishwa kuwa jenereta ya hospitali iko sawa. Kasyoka alirekebisha nukta. Aloys alitia sahihi, akashukuru, akaenda kuibandika mlangoni.

Waya hawakuukunja. Jioni hiyo Masila alitoka na jembe, akaufukia ukikatiza barabara, kina cha kiganja, na kesho yake mbuzi wa Warfa wakapita juu yake kama kawaida.