Shati la Sheria Mpya

Samwel alifika kanisani Troyeville, Johannesburg, amevaa shati la kitenge alilozawadiwa, na kola ilikuwa inamkaba. Si kwamba lilimbana. Mama Denise aliyemshonea, fundi cherehani wa nusu ya Wakongo wa mtaa ule, hakosei vipimo. Kilichomkaba ni aibu, tena aibu ya kujitakia.

Bwana huyu, Mtanzania, mhadhiri wa sheria pale Braamfontein, alipenda kuitwa Profesa kuliko alivyopenda ugali. Na uprofesa wenyewe hakuwa nao. Mapema mwezi ule Mama Denise alimletea shida yake: kampuni moja ya Ubelgiji ilikuwa ikichapa kitenge chenye jani la muhogo alilochora yeye, ikidai jani ni mali ya kampuni. Mahakama ya Johannesburg ilikuwa imeshaamua jani ni la Mama Denise. Kampuni ikajibu kwamba hukumu ya huku haiwatishi. Kama anataka haki, waende kwa wasuluhishi kama unavyosema mkataba aliowahi kusaini nao, na ajibu kabla mwezi haujaisha.

"Usikubali!" Samwel alisema mbele ya watu, kikombe cha chai mkononi. "Ulaya wanabadilisha sheria. Hukumu yako itapokelewa kule bila maswali. Wasuluhishi wa nini?"

Alikuwa amesoma kichwa cha habari na aya mbili, ndani ya basi. Basi! Jumatano ya wiki hii, akiandaa somo, ndipo aliposoma yaliyobaki. Ni mapendekezo tu, bado yanajadiliwa, na hata yakipita, hakuna aliyeahidi kwamba hukumu ya Johannesburg itapenya. Angepiga simu siku ile ile. Hakupiga. Alijiambia mambo kama haya husemwa ana kwa ana. Uongo mtupu, aliogopa tu.

Muda wa ushuhuda ulipofika, Mama Denise akawa wa kwanza kusimama.

"Bwana asifiwe! Minashukuru Mungu hata kabla sijaona. Wale watu wa Ubelgiji nimewajibu Ijumaa: hapana, sitaki wasuluhishi. Hukumu yangu inawafuata na sheria mpya. Profesa, kuja hapa!"

Ngoma zikalia, akina mama wakapiga vigelegele. Na Samwel, badala ya kusema ukweli, akaenda mbele akacheza. Naam, alicheza! Wakamzungusha kama bwana harusi, jasho likimtiririka mgongoni, chini ya shati lenye majani yale yale ya muhogo.

Ibada ilipokwisha alimvuta Mama Denise pembeni mwa mlango, akamweleza yote, macho chini. Mzee mmoja akapita akimpigapiga begani kumpongeza. "Sharp, Profesa!" Samwel alitamani ardhi immeze.

"Uliyajua lini haya?" Mama Denise aliuliza.

"Jumatano."

"Mimi nimewajibu Ijumaa."

"Najua, mama. Nisamehe. Nitawaandikia, nitawaomba wakupe nafasi tena."

"Utawaandikia, ni lazima. Wakikataa je? Jani langu limekwenda." Akayatazama majani kifuani pa Samwel. "Lakini mimi nilisimama mbele ya watu kwa neno lako. Jumapili ijayo simama wewe, uwaambie."

Samwel aliitikia kwa kichwa. Mama Denise akanyoosha mkono, akamweka kola sawa, taratibu, kama fundi.

"Na ukuje na shati hii hii."