Lakiri Kwenye Tangi

Mume wangu alikagua mizani kwa miaka thelathini na moja. Wafanyabiashara wa sokoni walimwita Bwana Sifuri, kwa sababu hakukubali lolote mpaka sahani iwe tupu na mshale usimame kwenye sifuri barabara. Mshale ukienda pembeni hata unywele, mizani inafungiwa. Ukitulia, anapitisha waya, anabana lakiri ya risasi kwa koleo lake, na tangu hapo hakuna wa kuifungua. Alipostaafu alirudi nyumbani na koleo. Mimi nilidhani atarudi na usingizi.

Nyumbani hakuna mizani, kwa hiyo alinikagua mimi. Alikagua sufuria, mapazia, hata mkunjo wa shuka. Mimi nimezoea, ila binti yetu hakuzoea. Siku moja ya mvua aliingia sebuleni mbio na viatu vya tope, maana tangi lake la samaki lilikuwa linafurika povu. Baba yake akamletea fomu ya kukiri kosa. Fomu! Ina nafasi ya sahihi ya shahidi, na shahidi ni mimi. Mtoto akaitazama, akafungasha nguo, akahamia mji mwingine. Mlangoni akasema, "Baba, humu ndani hakuna kinachoweza kuishi ila kilichomo kwenye tangi. Basi angalau hilo litunzeni."

Lilikuwa tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, lenye maji ya chumvi na matumbawe hai. Samaki walikuwa wawili, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe. Yule mnene binti alimwita Karani. Tumbawe kubwa kuliko yote lilikuwa la kijani, limejaa mikunjo, mchana linavimba na jioni linasinyaa kama mtu aliyenuna. Hilo aliliita Shangazi.

Asubuhi iliyofuata mume wangu alileta kasha la mbao alilokuwa akibebea mawe yake ya mizani, akalipindua juu ya zulia mbele ya tangi, akalikalia.

"Hili lisisogezwe," aliniambia.

"Hata nikifagia?"

"Hata ukifagia."

Nikajua ni mambo yake ya vipimo. Kwa miezi minane nikafagia nikilizunguka, nikisonya.

Ndipo binti akapiga simu. "Baba, baada ya wiki sita nitakuja. Shangazi hajambo?"

"Hajambo kabisa, mama," alijibu. Alipokata simu akaniambia, "Anakuja kuona tangi."

Sikumsahihisha. Nilikuwa namtaka mwanangu arudi, nikimtaka mpaka kifua kinaniuma, na kama ni Shangazi ndiye anayemleta, basi Shangazi awe hai siku hiyo. Mambo mengine tungeyajua mbele ya safari.

Mume wangu akapima maji. Unatia matone kwenye kichupa, unatikisa, unalinganisha rangi na kadi. Nitrati, uchafu usioonekana kwa macho, ilisoma kumi. "Kumi!" alisema, akinitazama kama mimi ndiye niliyeitia. Akasoma vitabu, akagundua kwamba nitrati na fosfeti zinatoka kwenye chakula na kwenye choo cha samaki. Siku hiyohiyo Karani aliandikiwa barua ya onyo. Ilibandikwa kwenye kioo, maandishi yakielekea ndani, ili mhusika asije kusema hakuiona. Baada ya siku tatu ilibandikwa ya pili. Karani aliendelea kujisaidia mbele ya barua zote mbili.

Basi ikaja ya uhamisho. Samaki wote wawili walipelekwa bafuni, kwenye beseni kubwa, pamoja na pampu yao na kipasha maji chao. Tuligawana bafu kwa zamu, wao wakachukua zamu zote, nami nikawa naogea jikoni.

Kisha akageukia taa. Alikuwa amesoma kwamba matumbawe hula mwanga, akaona basi yashibe: masaa kumi na manne kwa siku, nguvu zote. Sebule iliwaka mpaka jirani akaja kuuliza kama tumeanza kazi ya kuchomelea mageti. Nilikuwa nakunywa chai nimevaa kofia.

Wiki ya pili ilipoisha, nitrati ilisoma sifuri na fosfeti sifuri. Mume wangu alivaa sare yake ya kazi, akapitisha waya kwenye kifuniko cha tangi, akabana lakiri. "Sasa haingii kitu," alisema.

"Na chakula?"

"Chakula ni uchafu ambao haujafika."

Siku ya nne Shangazi alianza kupauka. Siku ya sita alikuwa na rangi ya yai la kuchemsha, amenywea, mifupa inaonekana. Mume wangu alipima tena, akapata sifuri, akapima tena. Aliifuta kadi ya rangi kwa shati lake, labda ni kadi. Mimi nilivaa viatu, nikaenda kumwita fundi wa matangi.

Fundi alikuwa mwanamke mwenye haraka, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Aliona lakiri, akaomba koleo, akaikata mbele ya mwenyewe.

"Hilo ni kosa la jinai!" mume wangu akapiga kelele.

"Jinai ni hii uliyoifanya humu, baba." Akapima. Kichupa kikabaki cheupe.

"Sifuri," mume wangu akasema, bado ana majivuno kidogo.

"Naona. Ndiyo maana linakufa. Haya matumbawe yanakula kinachotoka kwa samaki. Wewe umeondoa sahani mezani, halafu ukayaanika juani kutwa nzima. Mwenye njaa anaanikwa?"

"Sasa unataka isome ngapi?"

"Tano mpaka kumi. Fosfeti nayo iwepo, kidogo tu. Taa masaa manane, nusu ya nguvu, utapandisha polepole. Samaki warudi, wale washibe. Na ukiona mwani kwenye kioo, ushukuru."

Mume wangu akaitazama lakiri iliyokatwa. "Mizani tupu ikisoma tano, mteja anaibiwa."

"Hapa hakuna mteja, baba."

Fundi alipoondoka, mume wangu aliketi kwenye kasha lake. "Nitamwambia nini mtoto?" aliuliza. Katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kumwona akiogopa. Nilimwonea huruma, na hasira zangu zikanikera kwa kutoondoka.

Samaki walirudishwa kwa barua ya kutengua uhamisho. Mume wangu aliwalisha kwa kijiko cha chai, kidogokidogo, kisha akasimama kungoja. Karani alipojisaidia, alipiga makofi. "Njoo uone!" aliniita kutoka jikoni, mikono yangu imejaa unga. "Njoo haraka, anaendelea!" Nitrati ikasoma moja. Ikasoma tatu. Kioo kikaota utando wa kijani, naye akawa anaupitia kwa macho, mikono ameikalia asije akaufuta. Siku mbili kabla ya ugeni ilisoma saba. Akaandika cheti: Saba. Imekubaliwa. Sahihi yake ilipinda.

Binti alifika mchana, mvua inanyesha. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akavishika mkononi kama mshtakiwa, na hilo liliniuma kuliko kuondoka kwake. Akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Shangazi alikuwa kijani upande mmoja, upande wa pili bado amepauka.

"Amekuwaje?"

"Nilimlaza njaa," mume wangu akasema. "Nilidhani namsafisha. Na kwenye simu nilisema hajambo kabisa, ndiyo kwanza nikaanza kumharibu. Sasa ana nafuu. Hivi unavyomwona ndio ukweli."

Binti akavuta kasha ili akae.

"Usi—" mume wangu akaanza kusema.

Kasha likaegemea ubavu. Chini yake, juu ya zulia, palikuwa na alama ya kiatu cha tope. Ilikuwa imekauka na kupasukapasuka, ila ilikuwa kamili, kisigino mpaka ncha. Pembeni yake, kwenye uzi wa zulia, ilibanwa lakiri.

Mtoto alichuchumaa. Alikitazama kiatu alichoshika, akaitazama alama.

"Hiyo moja sikuifuta, mama," baba yake akasema. "Nyingine nilizifuta. Hiyo nilishindwa."

Nilitaka kufoka. Miezi tisa na zaidi nafagia nikizunguka tope! Nilikwishashika ufagio. Lakini mwanangu alikuwa ameketi pale chini kwenye zulia, anacheka huku machozi yanamtoka, na baba yake anahangaika kukaa karibu naye bila kuikanyaga ile alama. Nikaurudisha ufagio nyuma ya mlango, nikaenda kuteleka chai.