Mpira Wenye Mkia

Kwanza kipa aliona mkia. Mazoezini mpira ulipopigwa haukuja peke yake. Nyuma yake ilifuatana mipira mingine hafifu, kama shanga zilizokatika uzi. Akadaka wa nyuma. Wa mbele ulikuwa umeshalala wavuni.

"Mdaka nzi!" wenzake wa chumba cha cherehani walimcheka.

Alijua ni vile vidonge vya sonona. Daktari alishamwonya: macho yakianza vituko, arudi aangaliwe dozi, asiache mwenyewe. Angekwenda Jumatatu. Lakini fainali ya kiwanda dhidi ya wapakiaji ilikuwa leo, na kiwandani neno likikutoka tu limeshafika getini. Hakutaka kuitwa kichaa. Akavaa glavu, akaingia golini.

Mabeki wake walikaba kufa na kupona, hakuna shuti lililofika golini. Mechi ikaisha bila bao. Penalti! Uwanja ukalipuka kwa vifijo na milio ya masufuria. Mkwaju wa kwanza, kipa akarukia mkia. Bao. Wa pili, yale yale.

Nahodha, wifi yake, akaja mbio. "Wifi, umelala? Unaruka wenzio wameshashangilia!"

Akiendelea kunyamaza, kombe linakwenda.

"Nitoe golini. Mpira unaniachia mkia. Muweke Dada Pasi."

"Mkia?"

"Niamini, wifi!"

Dada Pasi, mpiga nguo pasi wa kiwanda, mikono kama makasia, akavaa glavu. Akapangua wa tatu. Akapangua wa nne. Wa tano ukapaa juu ya mwamba, masufuria yakakaribia kupasuka! Cherehani nao walikuwa wamefunga mikwaju miwili kati ya minne; sasa mabao yalikuwa mawili kwa mawili, na walibakiwa na mkwaju mmoja.

"Nani anapiga?" Kila mtu akakagua viatu vyake.

Kipa aliyetolewa golini akautazama mpira pale chini. Umetulia. Mmoja tu, mweupe, hauna mkia wala kivuli!

"Mimi," akasema, sauti ikamshtua mwenyewe.

Akapiga. Hakuhangaika kuufuata kwa macho. Kelele ndizo zilizomwambia.

Wakamrukia, wakamwangusha, wakalaliana juu yake. Wifi akamvuta shavu. "Haya, sema. Mkia gani? Umelogwa?"

Alikuwa anahema, anacheka, nyasi mdomoni.

"Nameza dawa ya sonona," alisema, wote wakisikia. "Ndiyo inayonichezea macho. Na ndiyo iliyonitoa kitandani nikaja kucheza na nyinyi."