Moto wa Jescah

Jua la Kakamega halina adabu ya kuaga. Mvua ya alasiri ikikatika, linachungulia kidogo upande wa Mumias, linapaka mabati rangi ya boga, halafu linadidimia kwenye miwa kama mtu aliyeitwa ghafla. Kabla hujamaliza kufungia kuku, giza limeshafika mlangoni.

Saa hiyo ndiyo Andati alikuwa akiinama uani, mashavu yamemjaa pumzi, akipuliza makaa ya jana mpaka gogo la mkaratusi likubali kushika. Uwanja wake ulipakana na barabara, ua lenyewe lilikuwa la michongoma iliyokufa nusu, kwa hiyo moto wake uliwaka wa watu wote.

Haukuwa moto wa kupikia. Ulikuwa moto wa matanga, uliowashwa usiku ule mwili wa mkewe Jescah ulipofikishwa nyumbani, nao ulipaswa kuzimika zamani. Katika ukoo wao, matanga yakiisha, mtu wa upande wa marehemu huja akazoa majivu na kuyamwaga jua likiwa bado linaonekana, ndipo marehemu ajue ameruhusiwa kwenda. Kabla ya hapo hajaenda wala hajakaa. Jescah alizikwa karibu na Pasaka. Sasa watu walikuwa wanavunja mahindi, na Andati alikuwa bado anachochea.

Ukimuuliza, alikuwa na jibu, na jibu lake lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara: mlingoti mrefu wa chuma, ile taa ambayo watu huita mulika mwizi. Ilimulika muda mfupi tu, mwizi akaja akachukua nyaya, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake ya mwisho. Chini ya mlingoti watu wa serikali walichimba mtaro wa kupitisha maji, wakaenda kutafuta mifuniko ya saruji, mpaka leo wanaitafuta. Jescah alikuwa akirudi kutoka sokoni na kikapu cha mboga za mrenda zilizobaki. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia, wakati ule macho bado yanajidanganya kuwa yanaona. Alidhani amekanyaga nyasi, kumbe ni mtaro.

Siku ya mazishi mheshimiwa alikuja na msafara wa magari. Alishika kipaza sauti akasema mama huyu hajafa bure, mwezi hautaisha kabla hapa hapajawaka kama mchana. Watu wakapiga makofi, matangani, mbele ya jeneza. Andati hakufika mbali na masomo, lakini mtu anayeomba kura juu ya maiti alimtambua bila kusomewa. Tangu hapo alikwenda ofisini kwao, akaambiwa mwenye faili yuko mkutanoni. Akarudi, akaambiwa kazi hiyo si ya ofisi hii, ni ya ile. Ile ikamrudisha kwa hii. Mwishowe alikaa nyumbani akachochea moto wake, akawa anasema na kuni: wao wana jenereta, wao watajuaje giza lina rangi gani.

Na watu wakauzoea. Wanafunzi wa chuo wakirudi jioni walijua pakianza kuonekana wekundu, washike kulia. Wa bodaboda walimbatiza jina, Waziri wa Umeme, wakipita wanapiga honi. "Waziri, leo usitukatie stima." Yeye hakucheka, lakini siku wasipopiga honi alikuwa anaangalia njia. Muhonja, jirani yake, aliwahi kusema kwa sauti ya kusikika kwamba serikali ya Andati ndiyo peke yake haikosangi moto.

Aliyekuwa hacheki kabisa ni Ayuma, dada mkubwa wa Jescah, aliyeolewa Shianda. Alikuwa ameshakuja na ungo wa kuzolea majivu, Andati akamwambia bado, akarudi na ungo mtupu. Leo alikuja tena. Alifika jua likiwa kimo cha mkono juu ya miwa, hakuketi kwenye kiti alichopewa, akaketi chini karibu na moto, miguu ameinyoosha kama mtu aliyefika kwake.

Alianza kwa habari za nyumbani. Kisha akasema Jescah anamjia usingizini. Haongei. Anasimama na kikapu kichwani, kama mtu anayesubiri kuambiwa akiteremshe.

Andati alimjibu kwa yale yale, na hasira ikampanda kama kawaida. Kwamba huu moto ukizimwa watu watavunjika shingo. Kwamba wakubwa wanangoja hivyo hivyo, azime, wasahau. Kwamba moto huu ndio aibu yao, na yeye hawezi kuwafutia aibu.

Ayuma alimwacha amalize. Akatwaa kijiti akasogeza kaa lililoangukia nje.

"Shemeji," akasema, "aibu gani? Wamewahi kupita hapa usiku?"

Andati alitazama barabara.

"Wale walimwacha dada yangu gizani. Wewe umemfanya kuni. Kila jioni unamchoma kidogo ili watu waone njia." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wewe ulimwoa. Sema kama amechoka au hajachoka."

Ndege aina ya kwarara walipita juu wakilia, wanakwenda kulala kando ya mto. Moshi ulikuwa unamwendea Andati usoni, naye hakuuhama. Alimwona Jescah jinsi alivyokuwa akirudi jioni, shingo imekakamaa kwa mzigo, akimwita kutoka barabarani aje amtue. Mara nyingine alikuwa anamwitikia tu, "nakuja," bila kuinuka.

Aliinuka. Akashika gogo kwa upande usiowaka akaliburuta, akashika la pili, akayatenga mpaka moto ukakosa mwenzake. Hakuna aliyemwaga maji, kwao maji hayamwagwi juu ya moto wa matanga. Walingoja uchoke wenyewe. Ayuma akazoa majivu yakiwa na joto, akayapeleka kwenye shina la mgomba, akasema maneno machache kwa lugha ya kwao, maneno ya kumwambia msafiri aende salama. Jua lilikuwa limebaki ukucha. Halafu hata ukucha haukuwepo. Ayuma akaingia jikoni kusonga obusuma, ugali wa kwao.

Andati alibaki pale kwenye duara jeusi. Giza lilikuja kwa haraka yake ya siku zote, likameza mlingoti, likameza ua, likameza mikono yake. Bodaboda ikaja, ikapunguza mwendo, ikapita bila honi. Wazo likamjia, nalo lilikuwa wazo baya: na aanguke mtu. Aanguke mtoto wa mkubwa mmoja, tuone kama mifuniko haitapatikana kesho asubuhi. Alilikalia wazo hilo kitambo, na halikumpa joto.

Akasikia nyayo. Viatu vyepesi vya msichana, vinakuja kwa haraka, vilipofika pale wekundu ulipokuwa ukianzia vikasitasita.

Andati alikuwa ameshatoka uani kabla hajajua ametoka. Alipapasa kwa mguu mpaka akapata ukingo wa mtaro, akasimama hapo hapo, kisigino kinagusa hewa.

"Shika upande wa michongoma, mama. Shimo liko hapa nilipo."

Nyayo zikasimama. "Ni nani?"

"Fuata sauti, usiifikie. Pita huko. Haya, pita."

Alikuwa Lynette, binti wa Muhonja, anayesomea uuguzi. Alipomtambua akauliza moto umekwenda wapi leo. Andati akasema umekwenda. Msichana akasema pole, baba, akapita.

Nyuma yake walikuwa wanakuja wengine, wanaongea na kucheka, hawajui. Andati akasafisha koo. Kutoka jikoni Ayuma akamwita, ugali unapoa, anaongea na nani huko nje.

"Na watu," akasema. "Bado wanapita."