Povu kwenye Kisima cha Bi Johari

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta. Wengine waliokuwepo walikuwa wanawake wawili wenye akili zao timamu, na kisima.

Nilifundisha kemia ya twisheni mtaani Ziwa la Ng'ombe mpaka mwenye ukumbi alipogundua kwamba kamari huleta wateja wengi kuliko atomu. Tukahamia Timbwani, sisi wawili na binti yetu Judy. Huku mke wangu, Mbeyu, anafulia watu nguo, nami namsaidia kutafuta maneno ya kuielezea hali yetu. Maneno ni mengi. Hali ni ile ile.

Vidole vyake vimepasuka. Sabuni ya unga imemla mpaka kwenye maungio, na jioni akipaka mafuta ya nazi huvuta pumzi kwa meno kama aliyekanyaga mwiba. Halafu anauliza chakula kiko wapi, nami namwambia kiko njiani. Tunacheka kidogo. Kucheka nako kunachosha, lakini hakupasui mikono.

Mafuta hayo ya nazi anayakamua mwenyewe, kama mamake alivyomfundisha kule Kaloleni, na mwaka huu alianza kuyapika sabuni. Sabuni yenyewe haikuwa na sura. Laini, nyeupe ya maziwa mgando, imekatwa kwa kisu cha jikoni, kila kipande na umbo lake. Lakini habari zake zilimfikia Bi Johari, mwenye nyumba ya dobi nyuma ya msikiti, anayefua mashuka ya nyumba za wageni. Bi Johari akatuma salamu: tulete sabuni aione. Ikimfaa, atachukua yote ambayo Mbeyu ataweza kupika, wiki baada ya wiki, na Mbeyu hatatia tena mkono kwenye beseni la mtu.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na elimu yangu.

Shida ya sabuni ya nazi ni kwamba inaanzia kwenye mbuzi. Mtu akae, akune, achuje tui, alichemshe mpaka mafuta yajitenge, chicha apewe kuku. Kabla hujapata sabuni umeshapata maumivu ya kiuno. Na kwetu, mwanamume akionekana kakalia mbuzi anakuna nazi, mtaa mzima utamuulizia mkewe kama ni mgonjwa. Kwa hiyo miaka yote nimekuwa nikimhurumia Mbeyu nikiwa nimesimama.

Nikaenda buchani nikaomba mafuta ya ng'ombe, yale wanayowatupia paka. Nikarudi na ndoo.

"Ya nini?" akauliza Mbeyu.

"Ya sabuni. Mafuta ni mafuta, mke wangu. Molekuli ya mafuta ni kama pweza aliyepunguziwa mikono: kichwa kimoja, mikia mitatu. Kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, inaikata ile mikia, na kila mkia unashikwa na atomu ya sodiamu. Mkia ulioshikwa na sodiamu ndio sabuni. Upande mmoja unapenda maji, upande wa pili unapenda mafuta. Huku unashika uchafu, kule unashika maji, maji yakienda na uchafu unaenda."

"Na mkia wa ng'ombe na mkia wa nazi ni sawasawa?"

"Wa ng'ombe ni mrefu zaidi. Ndiyo maana sabuni yake inakuwa ngumu, mche unasimama wima kama askari."

"Mhm," akasema Mbeyu.

"Mhm" ya Mbeyu ni hotuba nzima, ila mimi niliisikia kama ruhusa.

Nikapika, nikakoroga mpaka bega likaniuma, nikamimina kwenye kisanduku cha mbao. Ilipoiva nikakata miche iliyonyooka. Siku ya kuijaribu nikamsimamisha mwenye mkokoteni, nikanunua mtungi wa maji matamu. Kwa kawaida maji hayo ni ya chai na ya kunywa. Kufua na kuoga tunatumia ya kisima kama kila mtu Timbwani. Lakini maabara ina heshima zake. Povu likanipanda mpaka viwikoni.

"Sisi twafulia maji hayo?" Mbeyu aliuliza kutoka mlangoni.

"Jaribio linataka maji safi. Hiyo ndiyo sayansi."

"Mhm."

Kesho yake tukafika kwa Bi Johari. Alikuwa amekaa kibarazani, miguu ameinyoosha, uchovu wake nao ukiwa umeketi pembeni kama mgeni wa siku nyingi.

"Shikamoo, Bi Johari."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mbeyu!"

"Abee."

"Hiyo ndiyo sabuni? Mbona imenyooka hivyo? Niliambiwa yako ina umbo la muhogo."

"Hii ni ya mwalimu," akasema Mbeyu.

Bi Johari akateka maji. Kisima chake kimechimbwa ndani ya jiwe la matumbawe, kina mdomo mpana, na ukichungulia unaona jiwe jeupe lililotobokatoboka likishuka mpaka kwenye maji. Mimi nilichungulia. Niliona jiwe. Wallahi hata hapo sikushtuka.

Akalowesha shuka, akasugua mche wangu. Hakuna povu. Akasugua tena. Maji yakageuka kama maziwa yaliyochacha, na utando wa kijivu ukang'ang'ania shuka. Akaliinua juani. Lilikuwa chafu kuliko lilivyoingia.

Tukalitazama sote watatu. Nami, badala ya kunyamaza, nikaanza somo.

"Bi Johari, haya maji yanalamba lile jiwe, yanatoka na kalsiamu. Sasa, sodiamu ina mkono mmoja tu, inashika mkia mmoja wa sabuni na kuuachia uogelee. Kalsiamu ina mikono miwili. Inakuja, inanyang'anya mikia miwili kwa mpigo, inaifunga pamoja. Ikishafungwa haiogelei tena, inaganda. Huo utando ndio huo."

"Kumbe wayajua yote haya?"

"Nimeyafundisha miaka mingi."

"Na kisima changu ulijua kiko wapi?"

"Nilijua."

"Asiyejua husamehewa, mwalimu," akasema polepole. "Wewe sijui tukufanyeje."

"Lakini sabuni haina kosa! Kosa ni la maji. Ukinunua maji matamu ya mkokoteni, utaona—"

"Kisima changu hakikuja kwako kuomba kazi. Wewe ndiye uliyekuja kwake."

Akalitupa shuka kwenye beseni. Mbeyu hakunitazama. Alikuwa anaitazama mikono yake, akiigeuza, juu na chini, kama mtu anayepima nguo kuukuu kama itafika sikukuu nyingine. Nikataka kumwambia jambo la kumchekesha. Sikupata.

Kisha akafungua pindo la leso yake, akatoa kipande cha sabuni kilichoisha nusu. Ile ya muhogo. Hubeba ya kunawia popote aendako, maana ndiyo pekee isiyomchoma.

"Niruhusu, Bi Johari."

Akalisuuza shuka lile lile, akateka maji ya kisima kile kile. Akasugua. Kwanza ukaja utando kidogo. Akaendelea kusugua bila haraka. Povu likaja. Halikuwa povu la kujionyesha kama langu la maji matamu. Lilikuwa dogo, zito, lakini lilikuja na likakaa. Utando wa kijivu ukaachia shuka.

Bi Johari akajikokota, akaja akaliinua shuka juani. Akalinusa.

"Hii naichukua," akasema. "Yote utakayopika. Ile nyingine mwalimu arudi nayo, akafundishie."

Hapo mtu mwenye akili angeshukuru na kuondoka. Mimi nikafikiri kwa sauti.

"Ni ile mikia," nikasema. "Mikia ya nazi ni mifupi. Hata kalsiamu ikiikamata, mingi inaponyoka."

"Mhm," akasema Mbeyu, akikifunga kipande chake kwenye pindo.

"Lakini fikirieni! Nazi zote hizo, kila wiki! Mbeyu, vidole vyako vitoke kwenye beseni viende kwenye mbuzi? Hapo tumepumzika nini? Nasema turudi nyumbani nitafute njia, nichanganye ya ng'ombe kidogo, maana nazi hizi zote, jamani, nani atazikuna?"

Mbeyu akajifuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja, pale palipopasuka akipagusa taratibu.

"Umesema hiyo kalsiamu ina mikono miwili?"

"Ndiyo. Miwili."

"Na wewe, Baba Judy, unayo mingapi?"